KINGA YA SHAHIDI MTAALAMU: NGAO YA UKWELI AU MAFICHO YA UZEMBE?

Hotuba ya wakili wa Mahakama Kuu mbele ya wanaharakati wa haki na waumini wa makanisa



 Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo sisi mawakili hulizungumza baina yetu, kwa maneno ambayo mwananchi wa kawaida hayamfikii. Jambo lenyewe ni hili. Daktari aliyepasua maiti, mkemia aliyepima damu, au mtaalamu wa silaha aliyechunguza risasi, anapoapa mbele ya hakimu na kutoa maoni yake, na maoni hayo yakampeleka gerezani mtu asiye na hatia, au yakamwacha muuaji atembee huru, mtaalamu huyo atawajibika kwa nani?

Wengi wetu tungejibu upesi: atawajibika kwa sheria kama mtu mwingine yeyote. Jibu hilo si sahihi. Shahidi anayo kinga, na kinga hiyo ni ya kale kuliko taifa letu. Leo nataka tuipime pamoja: ilianzishwa kwa nini, inamlinda nani, na ni wapi inapogeuka kuwa kificho cha uzembe na uongo.

Uzito wa neno la mtaalamu

Shahidi wa kawaida huruhusiwa kusema aliyoyaona na kuyasikia. Akianza kusema anavyofikiri, wakili husimama na kupinga. Shahidi mtaalamu yeye huruhusiwa kutoa maoni. Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 80, inasema hivyo katika kifungu cha 48. Sababu yake ni kwamba hakimu hakusomea utabibu wala ukemia, na hana budi kusaidiwa na aliyesomea.

Hapo ndipo penye hatari. Jirani akidai alimwona mshtakiwa usiku wa manane, hakimu anaweza kumwuliza kama kulikuwa na mbalamwezi. Daktari akisema kwamba jeraha hili ni la kisu, si la kuanguka, hakimu atampima kwa kipimo gani? Mshtakiwa maskini hana fedha za kumlipa daktari wa pili. Aidha, kifungu cha 77 cha sheria hiyo hiyo kinaruhusu ripoti ya daktari au ya mkemia wa serikali itumiwe kama ushahidi ikiwa karatasi tu, ingawa mahakama ina uwezo wa kumwita mwenyewe aje ahojiwe. Kwa hiyo yawezekana mtu akahukumiwa kwa kalamu ya mtu ambaye hakupata kumwona kwa macho.

Mifano ya nyumbani

Mnamo Septemba 1988, Julie Ward, Mwingereza wa umri wa miaka 28, alitoweka katika mbuga ya Maasai Mara. Mabaki ya mwili wake yalipatikana siku chache baadaye, baada ya baba yake kuja kuongoza msako. Polisi walidai kwamba aliliwa na wanyama. Lakini daktari wa polisi aliyeyachunguza mabaki yale aliandika kwamba mifupa ilikuwa imekatwa. Ripoti yake ilipofika mezani kwa Mwanapatholojia Mkuu wa Serikali, maneno yalibadilishwa, ikasomeka kana kwamba mifupa ilivunjika na kuraruka. Mabadiliko hayo yalifichuka katika uchunguzi uliofanywa na mahakama mjini Nairobi mwaka 1989, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba yalikuwa masahihisho ya lugha. Hakimu hakukikubali kisa cha wanyama. Aliamua kwamba binti yule aliuawa.

Miezi michache baada ya uamuzi huo, Februari 1990, Waziri wa Mambo ya Nje, Dkt. Robert Ouko, alitoweka nyumbani kwake Koru. Mwili wake ulipatikana karibu na kilima cha Got Alila, umechomwa moto, na kichwa kimepigwa risasi. Mwanapatholojia Mkuu wa Serikali alishikilia kwamba marehemu alijiua. Dkt. Iain West, mwanapatholojia aliyeletwa kutoka London, alifikia uamuzi kwamba aliuawa. Tume ya Jaji Evans Gicheru ilivunjwa na Rais Moi mnamo Novemba 1991 kabla ya kumaliza kazi yake, na mpaka leo hakuna mtu aliyepatikana na hatia ya mauaji hayo.

Ndugu zangu, sikusudii kumhukumu mtu mmoja. Nawaomba mtazame jinsi mambo yalivyopangwa. Katika kesi ya kwanza mtumishi mdogo aliandika alichokiona, na mkubwa wake akabadilisha. Katika kesi ya pili, msemo wa kujiua ulikuwa umekwisha kutajwa na wakubwa kabla ya uchunguzi kukamilika. Waumini mnaikumbuka habari ya shamba la Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Barua zilitoka katika jumba la mfalme zikiwa na muhuri wake, na mashahidi wakatafutwa baadaye ili waseme yale yaliyokwisha kuandikwa. Kwa mtu aliyeuawa hivyo, mahakama ilikuwa mapambo tu.

Kinga hii ilitoka wapi?

Kwa muda wa karne kadhaa mahakama za Uingereza zimekuwa na kanuni kwamba shahidi hawezi kudaiwa fidia kwa ajili ya maneno aliyoyasema mahakamani. Kanuni hiyo haikutungwa na Bunge. Ilijengwa na majaji wenyewe, kesi baada ya kesi. Kenya iliipokea kupitia Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama, ambayo inatuamuru kufuata kanuni za kale za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri zinavyoyafaa mazingira yetu. Kinga ya shahidi ilikuja ndani ya furushi hilo.

Tuwe waadilifu. Kanuni hii ina sababu nzuri. Shahidi akijua kwamba kila atakayeshindwa katika kesi anaweza kumshtaki, ataogopa kusema kweli, au atakataa kabisa kufika mahakamani. Tena kesi moja itazaa nyingine, na hiyo izae ya tatu, bila kikomo. Fikirini daktari anayetoa ushahidi kwamba mahabusu alikufa kwa kipigo. Askari aliyetajwa angemfungulia kesi asubuhi, na mwenzake angemfungulia nyingine jioni. Daktari huyo anahitaji ngao, nasi tunahitaji awe nayo.

Lakini ngao iliyotengenezwa kwa ajili ya mkweli imefunika pia mzembe na mwongo. Ni kweli kwamba kiapo cha uongo ni kosa la jinai. Hata hivyo mtaalamu hutoa maoni, na ni vigumu mno kuthibitisha kwamba mtu hakuamini maoni yake mwenyewe. Atasema, “Hivyo ndivyo nilivyofikiri,” na mlango wa jinai utafungwa. Mlango wa fidia ulikwisha kufungwa na kinga. Imebaki milango gani?

Funzo la Uingereza

Kwa kuwa kinga hii ilitoka Uingereza, twende huko tuone ilivyowatendea wenyewe.

Sally Clark alikuwa wakili. Watoto wake wawili wachanga wa kiume walifariki, mmoja mwaka 1996 na wa pili mwaka 1998. Mnamo Novemba 1999 alipatikana na hatia ya kuwaua, akafungwa maisha. Mmoja wa mashahidi wa upande wa mashtaka alikuwa Profesa Sir Roy Meadow, daktari wa watoto aliyeheshimiwa sana. Aliwaambia wazee wa baraza kwamba uwezekano wa watoto wawili wa familia kama ile kufa kifo cha ghafla kisicho na sababu inayojulikana ni mmoja katika milioni 73. Alipata hesabu hiyo kwa kuchukua moja katika 8,543 na kuizidisha kwa nafsi yake.

Hesabu ile ilikuwa na makosa mawili. La kwanza, vifo viwili vya nyumba moja si mambo mawili yasiyohusiana. Nyumba mbili za nyasi zikipakana, na moja ikashika moto, nani atasema kwamba hatari ya ile ya pili imebaki vile vile? Ndugu wa tumbo moja hushiriki damu, chakula na hewa, na udhaifu uliomwua wa kwanza waweza kumwua wa pili. Kosa la pili, hata jambo likiwa nadra namna gani, unadra wake haumfanyi mtu kuwa mwuaji, kwa maana mama kuwaua watoto wake wawili nako ni nadra. Profesa alikuwa bingwa wa maradhi ya watoto. Hakuwa bingwa wa takwimu. Mnamo Oktoba 2001 Chama cha Kifalme cha Wanatakwimu cha Uingereza kilitoa taarifa hadharani kuipinga hesabu hiyo.

Fauka ya hayo, ilibainika kwamba mwanapatholojia aliyechunguza maiti za watoto wale alikuwa na matokeo ya maabara yaliyoonyesha viini vya maradhi katika mwili wa mtoto wa pili, na matokeo hayo hayakufikishwa kwa upande wa utetezi. Sally Clark aliachiliwa huru mnamo Januari 2003, baada ya miaka zaidi ya mitatu kifungoni. Alifariki mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 42.

Nani aliwajibika? Mwaka 2005 Baraza Kuu la Madaktari lilimpata yule mwanapatholojia na kosa kubwa la kitaaluma. Mwaka huo huo lilifuta jina la Profesa Meadow katika daftari la madaktari. Yeye akakata rufaa, na mnamo Februari 2006 jaji wa Mahakama Kuu akaamua kwamba kinga ya shahidi yapasa kumlinda hata mbele ya baraza la taaluma yake. Laiti uamuzi huo ungesimama, mtaalamu angekuwa kiumbe asiyeweza kuulizwa na mtu yeyote. Mahakama ya Rufaa iliutengua mnamo Oktoba 2006. Ilisema kwamba kinga haimzuii daktari kujibu mbele ya baraza lake kuhusu ushahidi alioutoa mahakamani. Hata hivyo majaji wengi waliona kwamba kosa lake lilitendwa kwa nia njema na halikufikia kiwango cha kosa kubwa la kitaaluma, kwa hiyo hakufutwa. Mtu aweza kuulizwa na bado asipatikane na hatia. Huko ndiko kuwajibika, na ni haki yake pia.

Kisha ikaja kesi ya Jones dhidi ya Kaney. Tarehe 30 Machi 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza, majaji watano dhidi ya wawili, iliamua kwamba mtaalamu aliyeajiriwa na mtu kumsaidia katika kesi anaweza kudaiwa fidia na mtu huyo kwa uzembe. Majaji walikumbuka kwamba mawakili wenyewe walikuwa wamekwisha kuondolewa kinga ya namna hiyo mwaka 2000, na mbingu hazikuanguka. Mimi ni wakili, nami naona ilikuwa sawa. Fundi wa nyumba hujibu nyumba ikibomoka, sembuse mimi niliyebeba uhuru wa mtu.

Lakini sikilizeni kwa makini mipaka ya uamuzi huo. Anayeweza kudai ni yule aliyemwajiri mtaalamu. Mshtakiwa hamwajiri daktari wa serikali, na mjane hamwajiri mkemia wa polisi. Kwa hiyo hata leo, hata Uingereza, mtu aliyefungwa kwa ushahidi mbovu wa mtaalamu wa upande wa mashtaka hasaidiwi na kesi ya Jones dhidi ya Kaney. Na hapa Kenya uamuzi huo haufungi mahakama zetu. Waweza kuzishawishi tu.

Funzo la Kanada

Mfano wa pili unatoka Kanada, nchi nyingine iliyorithi sheria za Kiingereza. Katika jimbo la Ontario, Dkt. Charles Smith wa hospitali ya watoto ya Toronto alitegemewa kwa miaka mingi katika kesi za vifo vya watoto. Mtoto mmoja wa miaka saba alikutwa na majeraha mengi mwaka 1997. Dkt. Smith alisema ni ya kuchomwa kwa chombo chenye ncha, na mama akashtakiwa na kutiwa rumande. Baadaye wataalamu wengine walionyesha kwamba ni majeraha ya meno ya mbwa, na mashtaka yakaondolewa mwaka 2001.

Kazi yake ilipopitiwa upya, kesi 45 zilichunguzwa, na wataalamu wakatofautiana naye katika 20. Tume ya Jaji Stephen Goudge ilitoa ripoti mwaka 2008, na leseni ya daktari huyo ikafutwa mwaka 2011. Mtu mmoja alikuwa amekaa gerezani miaka 12 kwa mauaji ya mtoto wa ndugu yake, mauaji ambayo hayakuwa yametendeka.

Tume ile haikuishia kwa daktari. Iligundua kwamba hakuwa na mafunzo rasmi katika upasuaji wa maiti kwa ajili ya kesi za jinai, na kwamba wakubwa waliopaswa kumsimamia hawakumsimamia. Tena alijiona kuwa mtumishi wa upande wa mashtaka. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Daktari aliyekwisha kujihesabu kuwa mmoja wa waendesha mashtaka ataivuta ngozi upande wao, hata bila kuamriwa.

Tufanye nini hapa kwetu?

Wako wanaharakati wanaosema, ondoeni kinga yote. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Daktari wa serikali haamki usiku kwa hofu ya kushtakiwa na mjane. Anachokiogopa ni simu kutoka kwa mkubwa wake, uhamisho wa ghafla, na kunyimwa cheo. Tukimwondolea kinga mbele ya raia na kumwacha mikononi mwa mkubwa, tutakuwa tumemwongezea woga tu. Kwa sababu hiyo nasema: tumkinge mtaalamu dhidi ya wenye nguvu, na papo hapo tumwajibishe mbele ya taaluma yake na mbele ya mahakama. Mambo haya mawili lazima yaende pamoja.

Mnajua kwamba inawezekana. Mnamo Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alikufa akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliochunguza maiti, wakiongozwa na mwanapatholojia wa serikali, walisema hadharani kwamba majeraha ya kichwa, kubanwa kwa shingo na michubuko mingi mwilini havikulingana na mtu aliyejiumiza mwenyewe. Maelezo ya kwanza ya polisi yaliporomoka. Huyo ndiye mtaalamu ambaye kinga ilibuniwa kwa ajili yake, na taifa zima linapaswa kusimama nyuma yake.

Basi napendekeza mambo manne.

Kwanza, ofisi ya kuchunguza vifo vya kutiliwa shaka iwe huru mbali na polisi. Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Uchunguzi wa Vifo mwaka 2017. Sheria isiyopewa watu, bajeti na ofisi ni karatasi, nasi tuna wajibu wa kuwauliza wabunge wetu juu yake kila wanaposimama mbele yetu.

Pili, malalamiko juu ya ushahidi wa daktari yasikilizwe na baraza la madaktari kama malalamiko mengine yoyote, na asiachwe akajificha nyuma ya kiapo. Wakemia, wataalamu wa silaha na wa maandiko nao wawe na chombo cha kuwasajili na kuwaadibu.

Tatu, kila ripoti ibaki kama ilivyoandikwa na aliyefanya uchunguzi. Mkubwa asiyekubaliana naye aandike maoni yake kando, atie sahihi na tarehe. Neno moja lililobadilishwa kimyakimya latosha kumficha mwuaji.

Nne, mshtakiwa apate ripoti mapema. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inampa haki ya kujua ushahidi utakaotumiwa dhidi yake na kuufikia. Mawakili tusikubali ripoti isomwe tu. Tuombe daktari aitwe, tumwulize alichokiona, alichokipima, na alichokiacha.

Na ninyi waumini mnayo kazi. Jamaa akifa korokoroni, msikubali maiti ichunguzwe bila daktari wa familia kuwapo. Miongoni mwenu mna madaktari, wauguzi na wafamasia. Kila kanisa lijue ni nani kati yao yu tayari kuitwa usiku. Wekeni akiba ndogo kwa gharama hiyo, kama mnavyochangiana mazishi. Msifanye haraka ya kuzika kabla ya maswali kujibiwa. Daima ombeni nakala ya ripoti, mkaihifadhi.

Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19, iliwaagiza waamuzi wamchunguze shahidi kwa bidii, na akionekana mwongo apewe adhabu ile ile aliyotaka impate ndugu yake. Sisi hatudai kisasi cha namna hiyo. Twadai ule uchunguzi wa bidii tu: kwamba anayeapa kwa elimu yake aulizwe kwa elimu yake, na anayesema kweli asiadhibiwe kwa kuisema.

 Mungu aibariki nchi yetu.